Naongoza sifa kanisani, lakini kumwita Mungu "Baba" kunanishinda

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 34, na kanisani kwetu naongoza kipindi cha sifa na kuabudu. Nimeokoka tangu nikiwa sekondari. Nasema hivi mapema ili usidhani nakuandikia kwa sababu imani imepoa. Haijapoa. Shida yangu ni kwamba siwezi kumwita Mungu Baba.

Nikiwa peke yangu naomba vizuri tu. Namwita Bwana, Mungu wangu, Mfalme, Mwamba wangu. Wimbo ukiwa na neno Baba, nalibadilisha kimyakimya naweka Bwana, na wenzangu kwenye timu wamezoea kunifuata. Ikifika Sala ya Bwana nasogeza maiki pembeni, naliacha kusanyiko liseme "Baba yetu uliye mbinguni", mimi naingilia kwenye "jina lako litukuzwe". Kwa miaka mingi hakuna aliyegundua. Mwanangu mkubwa alipofikia umri wa kufundishwa sala hiyo, nilimwachia mume wangu.

Sababu huenda umeshaikisia. Baba yangu alikuwa mlevi na alikuwa akitupiga. Mama ndiye aliyeumia zaidi, kisha kaka yangu, kisha mimi. Lakini kilichonikaa si kipigo chenyewe. Alikuwa akitupiga huku akinukuu Maandiko. "Imeandikwa, waheshimu baba yako na mama yako," na mkanda unashuka. Akimaliza ilibidi tuseme, "Asante, baba." Kwa hiyo mhubiri akisema "tumheshimu Baba yetu", tumbo linanikaza na viganja vinatoka jasho. Akili inajua kwamba anamsema Mungu. Mwili haujui.

Miaka ya karibuni baba aliugua sana, akaacha pombe, akaokoka. Sasa ni mshirika wa kanisa lilelile ninaloongoza sifa. Hakosi ibada, anakaa safu ya mbele, na akiomba kwa sauti kila sentensi inaanza na "Baba, Baba yangu". Watu wanalia wakimsikia. Mimi hapo huinama nikajifanya napanga nyaya.

Simtupi. Dawa zake nanunua mimi, kliniki nampeleka mimi, na salamu simnyimi. Ila hajawahi kuniita kando akaniambia neno lolote kuhusu yale. Mbele ya kanisa alisema "nilikuwa mtu wa dunia", ikaishia hapo. Mama anasema yamepita, tusifukue makaburi. Kaka yangu hakanyagi kanisani wala nyumbani kwa baba.

Sasa mchungaji ana mfululizo wa mahubiri kuhusu Mungu kama Baba. Jumapili ya kuhitimisha anataka baba atoe ushuhuda, kisha nipande madhabahuni, nimshike mkono, tuliongoze kanisa pamoja kusema Baba Yetu. Nilijaribu kumdokezea kwamba itaniwia vigumu, bila kumwambia yote. Akanijibu kwa upole, "Binti yangu, asiyempenda ndugu yake ambaye amemwona, hawezi kumpenda Mungu ambaye hakumwona. Utamheshimuje Baba wa mbinguni kama wa duniani unamkwepa?" Nikakosa jibu. Tangu siku hiyo usingizi umekuwa wa kuwinda.

Je, namvunjia Mungu heshima kwa kukwepa jina ambalo Yesu mwenyewe alitufundisha? Au huku ni kutosamehe tu, nami najidanganya? Na Jumapili hiyo nifanye nini? Nikikataa, nitaonekana nimemwaibisha mzee aliyetubu. Nikikubali, naogopa nitaanguka palepale, au nitatamka maneno matakatifu kwa uongo.

Ni mimi,
Mwimbaji

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya lolote nina swali ambalo barua yako haikulijibu: kipigo kimekoma kweli? Najua ameacha pombe, na ninaomba jibu liwe ndiyo. Lakini kuna nyumba ambazo chupa iliondoka na mkono ukabaki. Ukiwa na shaka hata kidogo juu ya usalama wa mama yako, yaliyobaki humu yasubiri, uanzie hapo.

Nikisoma barua yako naona mambo matatu yamefungwa fundo moja. Lipo jina la Mungu, ipo toba ya baba yako, na ipo Jumapili iliyopangwa. Mchungaji wako, nadhani kwa nia njema, ameyakaza zaidi kwa kukuambia kwamba la kwanza haliwezekani bila la pili, na kwamba mahali pa kuonyesha yote mawili ni pale madhabahuni. Mimi ningependa tuyalegeze kwanza, kila moja lionekane lilivyo.

Tuanze na heshima, maana ndipo unapojihukumu zaidi. Mstari unaonguruma kuliko yote juu ya jambo hili uko Malaki 1:6, pale Mungu anapouliza: ikiwa mimi ni baba, heshima yangu iko wapi? Ukisoma na mistari inayofuata utaona anayeulizwa ni nani. Ni makuhani. Na kosa lao si kwamba jina liliwakwama kooni. Walikuwa wakilitaja jina bila shida yoyote huku wakileta madhabahuni wanyama vipofu, vilema na wagonjwa, wanyama ambao Mungu anawaambia hata liwali wao asingewapokea. Kudharau kulikosemwa pale ni kule kwa mdomo mwepesi na sadaka hafifu. Wewe unaniandikia kwa hofu ya kumtamkia Mungu neno ambalo moyo haujalifikia. Sioni unavyofanana na makuhani wale.

Halafu, mwanangu, majina unayoyatumia umeyapata wapi? Bwana, Mfalme, Mwamba, Mungu wangu: hayo ndiyo majina ya Zaburi. Katika zaburi 150 ubaba wa Mungu unatajwa mara chache sana. Upo katika 68, anapoitwa baba wa yatima, katika 89, na katika 103 kwa njia ya mfano. Vizazi vya waabuduo vilimwimbia Mungu kama mchungaji, ngome, nuru na kimbilio, na hakuna aliyewaambia kwamba ibada yao ina pengo. Hajiri, mjakazi aliyekimbia mateso ya bibi yake, alimpa Mungu jina yeye mwenyewe kule jangwani: Mungu anionaye. (Najua malaika alimwambia arudi kwa bibi yake. Mtu akikuletea mstari huo kama amri ya kumvumilia anayepiga, usiupokee.)

Kuna mahali pengine ambapo huwa nasimama kwa muda mrefu. Yesu karibu kila anapoomba katika Injili anasema Baba. Hata Gethsemane, katika hofu ile yote, anasema Baba. Lakini msalabani, kwa Mathayo na Marko, kilio chake ni cha Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Luka anatuletea maneno mengine ya msalabani yanayoanza na "Baba", kwa hiyo sitaki kujenga nyumba nzima juu ya kilio kimoja. Ninachosema ni kwamba upo wakati hata Mwana alilia "Mungu wangu", na kilio hicho hakikumtoa mikononi mwa aliyemlilia. Wewe unaposema "Mungu wangu" usijione uko nje ya mlango.

Nikiishia hapo, hata hivyo, nitakuwa nimekubembeleza tu. Lipo upande wa pili, na nadhani unalijua, ndiyo maana hulali. Sala ambayo Yesu aliwapa wanafunzi inaanza kwa Baba. Wakristo wa mwanzo waliishika hivyo mapema sana. Didake, mojawapo ya maandiko yao ya kale, linaagiza isaliwe mara 3 kwa siku. Na wewe si mwabudu wa kawaida, una maiki. Unapobadilisha neno la wimbo kwa ajili ya jeraha lako, kusanyiko zima linaimba kwa kipimo cha jeraha hilo bila kujua. Katika viti vile wamo yatima, wamo waliotelekezwa, na kwa baadhi yao "Baba" ndilo neno pekee linalowashikilia. Sikusemi kwa kukulaumu, ulifanya ulichoweza ili uendelee kusimama. Ila ni halali kujiuliza kama njia ile bado inakutosha, au imeanza kukubana. Unaweza kwa mfano kumwachia mwenzako aongoze wimbo ule kama ulivyoandikwa, nawe ukapumzika.

Sasa niguse lile ambalo nahisi ndilo kiini. Wewe, mchungaji wako, na labda hata baba yako, mnatumia kipimo kinachoanzia chini kwenda juu: mtazame baba wa duniani, mkuze, mwondolee kasoro, utampata wa mbinguni. Kwa njia hiyo, mwenye baba mwema ana ngazi, na wewe una shimo. Maandiko mara nyingi yanakwenda kinyume. Katika Luka 11 Yesu anawauliza akina baba kama mtoto akiomba samaki watampa nyoka, kisha anawaambia wazi: "ninyi mlio waovu". Hawapambi. Katika Mathayo 23:9 anafika mbali zaidi, anakataza kumwita mtu yeyote wa duniani baba, kwa kuwa Baba ni mmoja. Sidhani alitaka tuache kuwaita wazazi wetu. Aliwavua watu cheo cha kusimama mahali pa Mungu. Na Isaya 63:16 ni sala ya watu wanaosema kwamba hata kama Ibrahimu hatujui, wewe Bwana ndiwe Baba yetu. Hao wanamwita Mungu Baba wakiwa hawana baba wa kumlinganisha naye.

Ukilitazama hivyo, mtu aliyekuwa akishusha mkanda huku akinukuu amri ya Mungu hakuwa akikuonyesha Baba wa mbinguni alivyo. Alikuwa amekivamia kiti. Na huenda mwili wako, unapokataa neno lile, haumkatai Mungu bali unaendelea kumkataa mvamizi. Nasema huenda, kwa sababu sipo ndani yako.

Kuna mtu mmoja wa zamani ningependa umjue upande huu. Augustino, askofu na mwalimu mkubwa wa kanisa la kale, alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Baba yake, Patricius, alikuwa mtu wa hasira za haraka na hakuwa mwaminifu katika ndoa. Tofauti na wako, Augustino anasema hakuwahi kusikika amempiga mkewe, kwa hiyo sikupi kisa hiki kama kipimo cha wewe kujilinganisha. Katika kitabu chake kiitwacho Maungamo anaeleza jinsi mama yake, Monika, alivyojitahidi Mungu awe baba kwa mtoto kuliko Patricius. Patricius alibatizwa mwishoni mwa maisha yake, kama baba yako alivyookoka uzeeni. Miaka mingi baadaye Augustino anawaomba wasomaji wawakumbuke wote wawili madhabahuni, na anawataja kwa namna ya ajabu: wazazi wake katika nuru hii ipitayo, lakini ndugu zake chini ya Mungu Baba.

Ndugu zake. Ikiwa toba ya mzee wako ni ya kweli, basi anaposema "Baba yangu" pale mbele, naye anasimama kama mtoto aliyevunja vitu vingi nyumbani. Hajawa msemaji wa Mungu kwako. Mnasimama bega kwa bega mbele ya Mungu, naye ana deni kwako. Sijui kama jambo hili linakupa nafuu au linakukera. Wengine huwakera, kwa sababu hawataki hata kuwa ndugu wa mtu huyo, na hilo nalo nalielewa.

Kuhusu kusamehe: Sala ya Bwana inalidai, siwezi kulipunguza. Ila unasoma kutetemeka kwa mwili kama ushahidi kwamba hujasamehe, na hapo ningekuomba uwe mwangalifu. Mtu anaweza kuwa amefuta deni na kovu likabaki linauma hali ya hewa ikibadilika. Tazama pia unayoyatenda. Katika Marko 7 Yesu anawakemea watu waliokwepa amri ya kuwaheshimu wazazi kwa kisingizio cha sadaka, na heshima anayoizungumzia pale ni ya kuwasaidia wazazi kwa mali. Wewe ndiye unayenunua dawa. Mchungaji alikunukulia Yohana juu ya asiyempenda ndugu yake, lakini katika barua hiyohiyo Yohana anasema tusipende kwa neno bali kwa tendo. Kukwepa kushikwa mkono hadharani hakujawa chuki.

Na toba nayo ina sehemu yake. Zakayo alipompokea Yesu hakuishia kusema alikuwa mtu wa dunia. Aliwataja aliowadhulumu na akaahidi kuwarudishia mara 4. Toba yake ilifika kwa watu. Ya baba yako, kwa unavyoeleza, imefika kanisani ikakuruka wewe, mama yako na kaka yako. Je, kinachokuumiza zaidi ni neno Baba, au ni kwamba watu wanalilia wokovu wa mtu ambaye bado hajakuambia samahani? Kaa na swali hilo. Jibu lako litabadilisha kinachofuata.

Nije kwenye Jumapili. Kukubali kama ilivyopangwa kunawezekana, na wapo waliopona wakiwa katikati ya tendo la namna hiyo. Hatari yake umeitaja mwenyewe, na mimi naongeza nyingine: kanisa litapiga makofi, jambo litahesabiwa limekwisha, na ukija kulia mwezi unaofuata utaambiwa, "Si mlishapatana?" Kukataa kabisa kunakulinda, ila maneno yatasemwa, na kama hutatoa sababu watu watajitungia. Katikati zipo njia nyingine. Unaweza kuongoza nyimbo, mchungaji mwenyewe akaongoza sala, nawe ukawa umekaa na mume wako na watoto. Kanisa zima linaweza kuisema kwa pamoja bila mtu yeyote kupanda mbele. Au Jumapili hiyo ukaabudu kwingine, kwa ruhusa na bila kelele. Hakuna kati ya hizo isiyo na gharama.

Lolote utakalolichagua, naona mchungaji hajui anachokuomba. Alijibu dokezo. Ukimwendea tena, nenda na mume wako, umwambie ukweli kwa kiasi unachoweza kukibeba, hata kama ni sentensi mbili tu: alikuwa akitupiga kwa mstari huu huu, na hajawahi kuniomba radhi. Huhitaji kumsimulia kila kipigo. Huenda akasikia, akabadilisha mpango na hata mahubiri. Huenda asisikie. Hapo utakuwa umejua jambo muhimu kuhusu mahali unapotumikia.

Kuzungumza na baba ni jambo jingine, na sikusukumi. Ukilitaka, lifanyike kabla ya siku ile na mbali na madhabahu, akiwepo mtu mzima mnayemwamini nyote wawili. Ujiandae kwa mambo ambayo wazee hufanya: kukana, kusahau, au kulia sana mpaka wewe ndiye unambembeleza. Mama yako anaposema yamepita, huenda kwake ndivyo anavyoweza kuishi. Muache na njia yake, usimtumie kama shahidi.

Mwili nao unahitaji msaada wake. Jasho la viganja, tumbo kukaza, usingizi kupotea: mtafute mtaalamu wa saikolojia, pamoja na maombi na si badala yake. Na kama unataka kujaribu lile neno bila macho ya watu, hata wimbo wa Baba hauhitajiki. Warumi 8, sura ileile inayosema kwamba kwa Roho twalia "Baba", inasema pia kwamba Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Unaweza kunyamaza hapo. Unaweza kusoma Isaya 49:15, ambapo Mungu anasema hata mama akimsahau mtoto anyonyaye, yeye hatasahau. Wala usijiwekee tarehe ya kufaulu.

La mwisho ni kaka yako. Umemtaja kwa sentensi moja tu, na naona hayumo katika mipango ya mtu yeyote. Mpigie simu kabla ya Jumapili hiyo. Ushuhuda wa baba ni habari yake pia, na itakuwa vizuri ausikie kwako kabla hajausikia kwa mtu mwingine.